Tunataka kuigiza wazee wetu walivyofika Mto Tana kwa mitumbwi. Je, waanzie wapi?

#1 KijanaWaDelta
Wadau, hamjambo. Kijijini kwetu, huku chini ya Garsen, vijana na wazee tumekaa kikao tukakubaliana tutenge siku moja tuigize Wapokomo wa kwanza walivyoingia Mto Tana. Hatutaki ya jukwaani, mtu mmoja anasoma risala na wengine wanapiga makofi. Tunataka ya mtoni hasa: mitumbwi inakuja na watu, vyungu, mbegu, kuku kwenye tenga, inaegesha, watu wanashuka, moto unawashwa, shimo la kwanza la mgomba linachimbwa. Halafu tule. Watoto wetu wanakujibu bila kufikiri kwamba Vasco da Gama alifika Malindi 1498, ila ukiwauliza babu zao walifikaje hapa wanatazamana.

Mpango ulivyo sasa: wazee walitoka Shungwaya, ile nchi ya asili ya kwenye simulizi, wakashuka na pwani, wakaingia mtoni pale Kipini, wakapanda na mto hadi huku. Kwa hiyo mitumbwi ianzie Kipini. Mnaonaje? Na kama kuna aliyewahi kufanya kitu kama hiki kwao, aniambie kilichomshinda. Sifa sizitaki.

#2 Chapati_Tatu
Naweka kambi hapa. Mimi najitolea kuigiza mamba, sina kazi wiki hizi.

#3 Mzee_wa_Pondo
Mwanangu, Kipini mpaka Garsen kwa pondo, kupanda na maji, siku moja? Mtaondoka vijana mfike wazee kweli. Ukiangalia ramani utaona ni karibu, lakini mto unajipinda hadi saa sita mchana bado unaona moshi wa jiko uliloliacha asubuhi. Halafu kule mlangoni bahari inaingia na kutoka. Mtumbwi wetu ni gogo moja lililochongwa, hauna mkuku, hauna matengo kama ngalawa. Ukikutana na wimbi la kusi unabinuka na kila kilichomo.

Anzeni karibu. Mtumbwi upite kona mbili tatu, watu wauone unavyojitokeza, basi. Aliyekaa ukingoni hajui umelala wapi jana.

#4 MwalimuMstaafu
Suala la Kipini lina tatizo kubwa kuliko pondo. Tana haikuwa ikitokea Kipini. Kipini ni mlango wa Mto Ozi. Tana ilikuwa na mlango wake kusini zaidi, kwenye Ghuba ya Ungwana. Nusu ya pili ya karne ya 19, enzi za masultani wa Witu, ndipo ulipochimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Ozi ili vyombo vipite. Mfereji ulikuwa mwembamba, mafuriko yakaupanua, na mto wenyewe ukahamia humo. Mkiwaingiza wazee wa kwanza kwa Kipini mtakuwa mmewapitisha kwenye mfereji uliochimbwa karne kadhaa baada yao.

#5 KijanaWaDelta
Mwalimu, asante. Naona kikao cha Jumapili kitakuwa kirefu. Ule mlango wa zamani unapitika?

#6 Ozi_Mpaka_Kau
Sahau hilo. Delta hii haikai mahali pamoja. Kuna vijiji ambavyo babu alikuwa akioga mtoni mlangoni kwake, leo mjukuu anatembea na jerikeni kuutafuta mto huohuo. Mkianza kufuata njia za zamani mtamaliza igizo kwa trekta.

#7 BintiGalole
Mnanifurahisha watu wa chini. Mtu akitaja "Wapokomo wa kwanza" anawafikiria Wabuu, Wangatana na Wakulesa tu. Sisi wa juu, Wazubaki, Wandura, Wagwano, Wandera, tulishushwa na ndege?

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ukoo wetu ulitembea kwa miguu kutoka kaskazini, ukaukuta mto katikati, si chini. Wakagawana: huyu ukingo huu, yule ule. Mtumbwi ulikuja baadaye, walipoona ng'ambo kuna ardhi nzuri zaidi. Kama ni kuigiza, igizeni watu wamechoka, watoto mgongoni, miguu imepasuka, wanatokea kichakani na kuuona mto mara ya kwanza. Nyie mnawaza kuegesha tu.

#8 MjukuuWaBuu
Nashangaa mmefika hapa hakuna aliyemtaja Vere. Sisi Wabuu hatuanzii Shungwaya, tunaanzia kwake. Alitokea tu. Nani alimzaa, ametoka wapi, hakuna asemaye. Bonde lilikuwa tupu, akawa anazurura peke yake, anakula matunda ya mwituni na samaki wabichi kwa sababu hana moto. Ndipo akakutana na Mitsotsozini, akamwonyesha kupekecha moto kwa vijiti viwili na kupika. Alice Werner, aliyepita huku kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliiandika, nenda katafute. Mtumbwi humo hamna.

#9 Chapati_Tatu
Kumbe sushi ilianzia kwa Wabuu. Wajapani wametuibia.

#10 MwalimuMstaafu
MjukuuWaBuu #8, ni kweli, ingawa kila harusini tunairudia hii ya Shungwaya.

Hiyo Shungwaya nayo ina kesi yake. Wamijikenda wanaitaja, Wapokomo wanaitaja, Wasegeju wanaitaja. Mwanahistoria Thomas Spear aliitetea. Mwenzake Morton aliandika 1972 kwamba kwa Wamijikenda huikuti kwenye maandishi ya zamani, inajitokeza mwishoni mwa karne ya 19. Upande wa lugha kuna uhakika zaidi: Nurse na Hinnebusch wameonyesha kwamba Kipokomo, Kimijikenda, Kiswahili, Kiilwana na lugha za Ngazija ni tawi moja, la Sabaki. Maana yake tulikaa jirani mahali fulani. Ni mahali gani, hapo ndipo watu wanapovuana mashati.

#11 Msegeju_wa_Tanga
Wakuu, Tanga hapa. Shungwaya msijimilikishe, na sisi tumetoka huko. Tofauti ni kwamba sisi tuna mwaka: 1589 Wareno walitukuta Malindi, na Wazimba walipokuja kuumaliza mji ni Wasegeju waliowapiga. Imeandikwa.

Umeuliza kilichotushinda. Tuliwahi kujaribu igizo kama lako, la wazee kuja kwa jahazi. Historia tuliiweza. Kilichotushinda ni mgeni rasmi. Aliambiwa saa tatu, akafika saa saba. Kwa heshima jahazi likasubiri nje. Maji hayamjui mgeni rasmi, yakapwa. Jahazi likakaa mchangani na wazee wa kwanza ndani, wamevaa kamili, majoho na vilemba. Ikabidi washuke wavuke matope wameshika majoho juu, na yule aliyebeba msahafu wa heshima akabebwa mgongoni. Watu wanacheka hadi leo. Ushauri wangu: mgeni rasmi mwalikeni kwenye pilau, msimwalike kwenye maji.

#12 KijanaWaDelta
Hiyo naichukua kama ilivyo, na nitaisoma kikaoni.

#13 NyambeneHalisi
Ngojeni kwanza. Na sisi Wameru? Wazee wetu wanasema tulitoka Mbwaa, kisiwani, tukiwakimbia Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu. Kiongozi wetu Koomenjwe akayapiga maji kwa fimbo, tukavuka. Kisha tukaufuata mto, huohuo wenu, tukapanda nao hadi milimani. Kuna waandishi wanaosema Mbwaa ni Manda, pale Lamu. Kwa hiyo kwenye igizo lenu wekeni mtumbwi mmoja wa Wameru, unapita tu, hausimami.

#14 Chapati_Tatu
Unapita ukiangusha vifurushi vya miraa kila kituo.

#15 Mzee_wa_Pondo
Kama maji mliyapasua kwa fimbo, mtumbwi wa nini? Nyie njooni kwa miguu na BintiGalole.

#16 BintiGalole
Karibuni. Kwetu kuna kivuli.

#17 Malka_Yetu
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni Muorma, ng'ombe wetu wanakunywa mto huohuo mnaoupigia kura. Sherehe siipingi, nikialikwa nitakuja. Lakini kwenye delta yetu mtu akisimama mbele ya watu akasema "sisi ndio tuliofika kwanza", ukingoni kuna mwingine anasikia "nyinyi tokeni". 2012 mimi sijaisahau na nyie hamjaisahau. Riketa, Kilelengwani, Kipao. Walikufa zaidi ya watu mia moja, wakiwemo akina mama na watoto wengi. Tulipigania malisho, mashamba, njia za ng'ombe kufika majini, na wanasiasa wakapuliza.

Halafu katika simulizi hiyohiyo ya Shungwaya, waliowafukuza wazee wenu wanaitwa Wagala. Hao ni babu zangu. Nani ataigiza nafasi hiyo? Mtoto wa jirani yenu wa Kiorma, anayesoma darasa moja na wenu, siku hiyo asimame na watazamaji au asimame na maadui?

#18 KijanaWaDelta
Ndugu Malka, nashukuru kwa kulisema waziwazi. Kikaoni mzee mmoja alitaka mapigano ya mikuki mwanzoni, akidai bila vita watoto watasinzia. Tulimkatalia palepale. Safari inaanza wakiwa tayari wameondoka, kwa nini waliondoka hatuigizi. Na tumependekeza wazee wa Gasa, baraza letu Wapokomo, wawaandikie wazee wa Matadheda, baraza lenu Waorma, mapema, si mwaliko wa kupeleka siku mbili kabla. Kama una lingine, sema.

#19 Malka_Yetu
Mwaliko sawa. Ila tusialikwe kuketi kwenye viti vya plastiki na kupiga makofi. Mkishafika na kupanda migomba, wakati fulani ng'ombe walikuja mtoni, na mkauziana maziwa na ndizi. Hilo nalo lilitokea, tena kwa miaka mingi kuliko vita. Liigizwe.

#20 MjukuuWaBuu
Wazo la #19 zuri, lakini ng'ombe halisi msilete. Nimeona ng'ombe na ngoma vikikutana.

#21 Upinde_na_Mshale
Mimi Mwata. Nawauliza nyote kwa upole: Vere alipofika bonde likiwa "tupu", huyo Mitsotsozini aliyekuwa na moto alikuwa nani? Mtu anayejua mti gani unatoa moto, anayejua kupika, si mgeni wa eneo. Wazee wetu walikuwa wakiwinda bonde hili. Nyie mnagombania nani kafika kwanza, na hadithi yenu wenyewe inasema mlikaribishwa.

#22 MjukuuWaBuu
Nilivyosimuliwa mimi, kabila lake halikutajwa. Huwezi kumpa kitambulisho leo.

#23 Upinde_na_Mshale
Na Vere naye mmempa.

#24 MwalimuMstaafu
Hapo #23 amekubana. Simulizi inasema Vere hana mzazi wala kwao, sisi tumeshamwandikia kata na tarafa. Hoja ya #21 haina ushahidi wa moja kwa moja, lakini wawindaji kutangulia wakulima kwenye mabonde haya ni jambo linalokubalika. Wa kuamua nani aigize Mitsotsozini sasa ni kikao chenu, mimi nisingelikimbilia.

#25 Mdeni_wa_Duka
Samahani, nauliza tu. Mambo ya mto yaliyoandikwa vizuri si ya Wajerumani? Ndugu wawili Denhardt walipanda Tana 1878, kisha wakajichukulia Witu 1885. Carl Peters naye akapita 1889. Hao tarehe zao hazina ubishi. Igizeni hao.

#26 BintiGalole
Huyu naye. Tuvae kofia ngumu tupigiane saluti kwenye mtumbwi? Waliokuja na tarehe ndio waliokuja na bunduki.

#27 Chapati_Tatu
#25 ukimleta Carl Peters, mimi nikiwa mamba namla kabla hajafika Ngao.

#28 KijanaWaDelta
Turudi kazini. Upande wa ngoma: kuna anayetaka tuchonge mfano wa ngadji, ile ngoma yetu takatifu, uwekwe kwenye mtumbwi wa mbele. Mnasemaje?

#29 Mhamiaji_London
Niko London miaka mingi. Ngadji yenyewe imo British Museum tangu 1908, baada ya maofisa wa kikoloni kuichukua. Ukienda kama mtalii huioni, imewekwa ghala. Nilipopita pale niliuliza, kijana wa mapokezi akanielekeza kwenye vinyago vya Afrika Magharibi. Kwa hiyo naelewa hamu ya kuwa na mfano wake. Watu wetu wengi hawajui kuna kitu kama hicho.

#30 MjukuuWaBuu
Hamu naielewa, lakini mimi napinga. Ngadji haikuwa ya kutazamwa na kila mtu. Ilifichwa, wenye haki ya kuikaribia ni wachache, na wengine waliisikia tu. Leo uiweke mbele kwenye mtumbwi, simu mia zimeinuliwa, kesho iko mtandaoni na muziki wa Bongo Fleva juu yake? Mzungu aliiondoa msituni, sasa sisi tuimalizie?

#31 BintiGalole
Kwani lazima ionekane? Wapigaji wakae nyuma ya kichaka, ngoma yoyote kubwa ilie, watu wasikie. Ndivyo ilivyokuwa hata zamani, au sivyo?

#32 Mhamiaji_London
Hapo sikubaliani na nyote wawili. Kitu kikifichwa mno hakuna atakayekidai. Mtoto hawezi kudai asichowahi kuona hata mfano wake.

#33 MjukuuWaBuu
Wazee waliidai bila mimi na wewe kuiona. Tuwaachie Gasa.

#34 MamaMpunga
Salamu kwenu. Nina swali la jikoni kwa sababu najua nani atapika. Chakula cha wazee wa kwanza kiwe nini? Maana nimeona orodha moja ina sima ya mahindi.

#35 MwalimuMstaafu
Mahindi na muhogo viondoeni kwenye mtumbwi. Vyote viwili asili yake ni Amerika, vilifika pwani baada ya Wareno. Mtama na wimbi sawa. Ndizi sawa, ni za zamani sana pwani ingawa nazo zilitoka Asia. Mpunga, nao uliwahi kufika. Samaki hana ubishi. Maembe acheni, hata kama mto wote leo ni miembe.

#36 Chapati_Tatu
Na chapati?

#37 MamaMpunga
Wewe rudi majini.

#38 Mzee_wa_Pondo
Mwalimu ametaja miembe, na hapo pana kichekesho. Mitumbwi mingi inayochongwa siku hizi ni ya mwembe huohuo, kwa sababu miti ya zamani imekwisha. Ukitaka wa kizamani tafuta mkuyu mkubwa, na uombe ruhusa kabla ya kuukata. Msitu wa mtoni uliobaki ni mdogo.

Kama mtachonga mpya, msimpe fundi wa madirisha. Gogo linalala kivulini lisipasuke. Tezo inaanzia katikati kwenda ncha, na kitako unakiacha kinene kuliko ubavu, ndicho kinachoutuliza mtumbwi majini. Ukifika kwenye ubavu, kila baada ya kupiga tezo kidogo unagonga kwa kifundo cha kidole upande wa nje. Mwanzo sauti ni nzito, imeziba. Inavyoendelea inafunguka. Ikianza kuitika, weka tezo chini, hata kama jicho linakwambia bado. Vijana wanaongeza mpapaso mmoja wa mwisho ili upendeze, na huo ndio unaotoboa. Kisha wanaziba kwa lami na kusema ulikuwa na ufa.

#39 Ozi_Mpaka_Kau
#38 hiyo ya lami imenigusa pabaya.

#40 MjukuuWaBuu
Nami niongeze la moto, maana naona mnaandika "moto unawashwa" kama vile ni swichi. Kijiti kigumu kinasimama juu ya kipande laini chenye tundu na mkato pembeni. Unakizungusha kati ya viganja, na viganja vinateremka vyenyewe. Kabla havijafika chini mwenzako anapokea juu, bila kusimama hata kidogo. Unga unatoka kahawia, kisha mweusi, kisha moshi. Hapo watazamaji watashangilia, na hapo ndipo watu huacha, kumbe moshi si moto. Unaendelea hadi unga wenyewe unatoa moshi ukiwa umeachwa. Unaugonga kwenye nyasi kavu, unapuliza kwa pumzi ndefu, ndogo. Mkifanya wakati wa vuli, hewa imelowa, mtapekecha hadi magharibi.

#41 Msegeju_wa_Tanga
Mpeni Vere kiberiti akiweke kwenye mkunjo wa nguo. Mungu atasamehe.

#42 Tahadhari_Kwanza
Sijaona mtu akiuliza tarehe. KijanaWaDelta, ni mwezi gani?

#43 KijanaWaDelta
Tulifikiri Desemba, watu wa mjini wakiwa wamerudi.

#44 Tahadhari_Kwanza
Basi nisikilizeni, na mkiniona mwoga sawa. Desemba ni mwisho wa vuli, mto umejaa na una magogo. Na Tana siyo ya kutazama mawingu ya kwenu. Mvua inanyesha milimani, mabwawa ya juu, Masinga na Kiambere na mengine, yakijaa yanamwagika, na huku chini maji yanapanda jua likiwaka. Aprili 2024 pale Kona Punda barabara ilizama, watu wakavushwa kwa mashua, ikapinduka na wengine hawakutoka. Hao hawakuwa wakiigiza.

Januari na Februari maji yamepungua, lakini viboko nao wanabanana kwenye vina vilivyobaki. Jioni msikae kabisa. Waambieni watu wa wanyamapori, polisi na kaunti mapema. Watoto wasipande mtumbwi wa gogo, na kila anayepanda avae jaketi la kuokoa maisha.

#45 Mdeni_wa_Duka
Vere amevaa jaketi la rangi ya chungwa?

#46 Tahadhari_Kwanza
Ndiyo. Na ameandikwa mgongoni.

#47 MamaMpunga
Yafunikeni kwa ukindu. Shuka la ukili juu, jaketi ndani. Akina mama watasuka, tupeni muda tu. Na msituvalishe kaniki mkadhani ndiyo zamani kabisa, kaniki ni ya dukani.

#48 Mzee_wa_Pondo
Namuunga #44 mkono. Na mtumbwi mmoja wa injini ukae chini ya mkondo, umefichwa kwenye matete, kazi yake kuokota watakaoanguka. Wa pondo wawe watu wa mto, si wanafunzi waliorudi likizo. Ukiona kijana anasimama mtumbwini magoti yamekazwa, mshushe.

#49 Mhamiaji_London
Mtumbwi ukigusa ukingo, sauti ya kwanza iwe nini? Napendekeza ile bembelezi ya Kipokomo iliyozaa tuni ya wimbo wa taifa wa Kenya. Akina mama waanze taratibu, watoto wapya wa nchi mpya wanabembelezwa.

#50 Chapati_Tatu
Wakianza tu, kila mtu ukingoni atasimama wima mkono kifuani, na polisi atapiga saluti.

#51 NyambeneHalisi
Kumbe tuni ni yenu? Shuleni hatukuambiwa.

#52 BintiGalole
Tena ni ya Wagwano, wa juu. Hili nalo watu wa chini msituibie.

#53 MjukuuWaBuu
Tunaliimba wote, dada.

#54 BintiGalole
Kuimba imbeni. Kwenye tangazo andikeni limetoka wapi.

#55 KijanaWaDelta
Wadau, kikao cha Jumapili kimekaa, kimeisha usiku. Kipini imefutwa. Desemba imefutwa, tunatazama Februari, mchana tu. Mitumbwi mitatu itatokea kona ya juu ya kijiji, iteremke na maji badala ya kupanda. Mzee mmoja amesusa kwa hilo, anasema wazee wake hawakuteremka kutoka popote. Wakati huohuo kundi la miguu litatokea upande wa msitu, kama alivyosema BintiGalole. Wazee wa Matadheda wameandikiwa. Mitsotsozini hatujapata mwafaka, kuna wanaotaka avae kinyago asijulikane ni nani, na ndugu yetu #21 amepigiwa simu. Ngadji imepelekwa Gasa, hatujajibiwa.

Kilichotuvunja ni kimoja: kundi gani liguse ukingo kwanza, la mitumbwi au la miguu?

#56 MwalimuMstaafu
Yafike pamoja.

#57 Ozi_Mpaka_Kau
Hayawezi kufika pamoja. Mtumbwi hausubiri, labda uufunge.

#58 BintiGalole
Sisi wa miguu tutaamka alfajiri. Mtatukuta tumeshateka maji.

#59 Mzee_wa_Pondo
Alfajiri ukingo bado una viboko, binti. Ngojeni jua lipande, kisha mtume mtu mmoja mbele akapige debe.

#60 Malka_Yetu
Na ng'ombe wetu waje saa ngapi? Nimesoma #20, tutaleta wawili tu, wapole.